Tukamsalimie

Niseme wazi mapema: mimi ni mtu wa hasira. Sikuanza leo. Mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi na mkunga ikabidi anibembeleze kabla hajanikata kitovu. Kwa hiyo ukisoma haya ukaona natukana, nivumilie. Nina sababu.

Kazi yangu ilikuwa kuchuja. Mtu akiweka video, picha au maneno kwenye ule mtandao mkubwa ambao nyote mnao kwenye simu zenu, na mwingine akalalamika kuwa ni kitu kibaya, malalamiko yalikuwa yanakuja kwetu. Tulikaa kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa ya tatu, madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi, kila mmoja na kompyuta yake na vipokea sauti masikioni. Chini ya kila video kulikuwa na vitufe viwili, Acha na Futa. Ukibonyeza Futa unaulizwa sababu. Basi. Unakaa hapo mpaka zamu iishe, unatazama watu wakichomwa visu, wakichapwa, wakiburutwa kwa nywele. Unakunywa chai, unarudi, unakuta mtu anakatwa vidole. Mwenzetu mmoja alitapika juu ya kibodi, wakamletea kibodi nyingine.

Wenye mtandao wenyewe hawakuwa hapa. Walikuwa ng'ambo, na sisi tuliajiriwa na kampuni nyingine ya katikati, ili siku ya kuulizwa kila mmoja amnyooshee mwenzake kidole. Ukutani walibandika maneno makubwa: Kila sauti ina haki ya kusikika. Mimi nilikuwa nikiyasoma kila asubuhi nikivua viatu vya mvua, na kila asubuhi nasonya. Sauti zinazosikika ni za wenye vifua. Mtu anayetukanwa na watu elfu moja kwa siku moja, haki yake ya kusikika ameiweka wapi, mfukoni?

Jirani yangu wa meza, Baba Pacha, hakukubaliana nami hata siku moja. Zamani alikuwa mwandishi wa habari. Aliwahi kuandika kwenye ukurasa wake kuhusu kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni, wenye kiwanda wakalalamika, ukurasa ukafutwa wote, pamoja na picha za harusi yake. Tangu hapo neno kufuta likawa linamkera. Yeye angeacha kila kitu. Mimi ningefuta kila kitu, hata picha za paka.

"Wewe wakikupa mtandao wote utabaki na kitufe tu," alikuwa akinitania.

"Na wewe wakikupa, watu watachinjana humo ndani huku umekunja nne unasema ni uhuru wao."

Msimamizi wetu tulimwita Asilimia. Ndiye aliyepita nyuma yetu akinong'ona asilimia zetu za usahihi. Na usahihi maana yake nini? Maana yake ni kukubaliana na mashine. Mashine ndiyo inayoangalia kwanza, inasema hiki kibaya, hiki kizuri. Ukikubaliana nayo, umepatia. Ukibishana nayo, umekosea, mpaka wakubwa wa ng'ambo waseme vinginevyo. Mashine yenyewe Kiswahili ilijifunzia wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Simu hatukuruhusiwa kuingia nazo. Tulizifungia kwenye makabati ya chuma mlangoni, na ufunguo wa makabati alikaa nao mlinzi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, tumetoka kula. Nikafungua kitu kilichofuata kwenye foleni, nikamwona mama mdogo.

Sikumtambua kwa uso, nilimtambua kwa mwendo. Goti lake la kushoto lina matatizo, anatembea akiegemea upande. Alikuwa barabarani, mbele ya kibanda cha kinyozi, anamvuta mtoto mkono. Mtoto analia, anajitupa chini, anapiga kelele, "Sitaki, nirudishe kwa mama." Mtoto huyo namjua vizuri. Ni mjukuu wake, binti wa dada yangu, na dada huyo ni mtoto wa kumzaa wa mama mdogo. Asubuhi ile walikuwa wanakwenda kliniki kuchomwa sindano, na yule mtoto akisikia sindano anaweza kubomoa nyumba. Mtu fulani akawapiga video, akaandika juu yake: Mwizi wa watoto kanaswa kwenye kamera. Chini akaweka picha ya geti la buluu, akaandika: Anakaa hapa, nyuma ya kituo cha mafuta, ndiye yule mama anayekodisha viti vya shughuli. Majirani, twendeni tukamsalimie.

Waliojibu chini yake walikuwa wengi na wanaongezeka nikiwa natazama. Tukamsalimie. Mimi niko njiani, nakuja kusalimia. Mnisubiri, nataka nimsalimie kwa mkono wangu.

Kila anayezungumza Kiswahili anajua kuna kusalimia na kusalimia. Askari wakivunja mlango wa mtu wakamtoa meno, watu wanasema walikwenda kumsalimia. Mume akitembea na jicho limevimba, ukimuuliza anakwambia amesalimiwa na shemeji zake, mnacheka. Hakuna haja ya kueleza. Lakini mashine ilikuwa imefundishwa kwamba watu wetu wanapenda salamu, kwamba penye salamu pana upendo, na penye upendo watu hawatoki mtandaoni haraka. Juu ya ile video, kwa herufi za kijani, iliandika: Maudhui ya kirafiki. Na chini yake: Inaonyeshwa kwa watu walio karibu.

Yaani ilikuwa inawaita.

Nilibonyeza Futa. Sababu, nikachagua tishio la kuua. Mashine ikafikiri kidogo, ikajibu kuwa hukumu yangu inapingana na ya kwanza, kwa hiyo suala limepelekwa kwa mkaguzi wa pili. Video ikabaki palepale. Nikasimama, kiti kikaanguka.

Asilimia akaja mbio. Si mtu mbaya, ni mwoga. Nikamwonyesha. Akasoma. Alielewa kila neno.

"Ni mama yangu mdogo huyu," nikamwambia. "Ifute."

"Siwezi kuifuta peke yangu. Inahitaji mkaguzi wa pili."

"Muite."

"Yuko ofisi ya ng'ambo. Kule ni usiku, wamelala."

"Wewe unajua maana ya kusalimia hapa?"

Akatazama kushoto na kulia. "Mimi ninavyojua na sera inavyosema ni vitu viwili. Sera inataka tishio la moja kwa moja. Hapa hakuna neno kuua, hakuna neno kupiga. Ukilazimisha, asilimia zako..."

Hakumaliza. Nilimkamata tai nikaivuta chini mpaka paji la uso likagonga ukingo wa meza. Lilitoa sauti mbaya. Alipoinuka, damu ilikuwa imeshafika kwenye nyusi, naye ananitazama kama mtu aliyesahau kitu dukani. Sijutii. Ningeweza kumgonga tena.

"Acha huyo," Baba Pacha akanishika bega. "Njoo hapa, weka hivi masikioni. Sikiliza nyuma ya mtoto. Unasikia nini?"

"Redio."

"Redio ya kinyozi. Huo wimbo una wenyewe. Chagua haki ya muziki."

Nilielewa. Kampuni kubwa za muziki ziliwahi kuwaburuta wenye mtandao mahakamani mpaka wakanyooka, na tangu siku hiyo kitufe cha haki ya muziki hakina mkaguzi wa pili wala wa tatu. Nikabonyeza. Video ikatoweka papo hapo, na mahali pake pakaja maandishi ya kuwaomba radhi wenye wimbo.

Nilicheka kwa sauti, mpaka watu wakavua vipokea sauti vyao kunitazama. Halafu kicheko kikanikwama. Mtu anakaribia kuuawa, wanasubiri watu waamke. Wimbo umesikika nyuma ya mtoto anayelia, wanakimbia. Wimbo ulikuwa na mwenyewe, na mama mdogo, kwa hesabu zao, hakuwa na mwenyewe. Nilitamani kuchoma lile jengo.

"Imerudi," alisema Baba Pacha.

Alikuwa ametafuta geti la buluu kwenye kompyuta yake. Mtu mwingine alikuwa ameihifadhi ile video akaiweka upya, na wa tatu akaiweka baada yake. Wamezima sauti. Bila sauti hakuna wimbo, na bila wimbo hakuna wa kumwomba radhi.

Nikaenda mlangoni kuchukua simu. Mlinzi akasema makabati yanafunguliwa mwisho wa zamu. Nikamwambia watu wanakwenda kumuua mama yangu. Akasema aandikiwe ruhusa. Pale ukutani palikuwa na mtungi mwekundu wa kuzimia moto, nikautoa, nikaupiga kwenye makabati. Mlinzi akanishika kiuno kwa nyuma, nikampiga kiwiko cha pua, akaniachia. Nilipiga mpaka milango ikajikunja na simu za watu zikamwagika sakafuni, nyingine zinalia. Nikaiona yangu, nikashuka ngazi huku nampigia mama mdogo. Nyuma yangu nilimsikia Baba Pacha kwenye simu ya mezani, anawaelekeza polisi njia.

Simu iliita muda mrefu. Akapokea.

"Mama mkali," akasema. Ndivyo alivyoniita. "Leo umenikumbuka mchana?"

"Mama, uko wapi?"

"Nitakuwa wapi na goti hili? Nipo nyumbani. Nina wageni."

"Wageni gani?"

"Siwajui wote. Kuna mmoja nadhani anafanya kazi pale kituo cha mafuta. Wamebisha hodi, wanasema wamekuja kunisalimia. Wengi kweli, sijui kuna nini leo. Ndiyo nafungua viti."

"Usiwafungulie geti."

"Nishawakaribisha, wako uani. Mtu akisema amekuja kukusalimia, utamwambia nini? Arudi alikotoka?"

"Mama, nisikilize. Hao watu wamekuja kukuua. Ingia ndani ufunge mlango."

Nikasikia anaweka kiti chini. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Wewe, acha utani wa namna hiyo." Kisha akageuza mdomo, nikamsikia akisema kwa uchangamfu wake, "Kaeni, kaeni, viti vipo vya kutosha. Huyu ni binti yangu, nawaletea maji sasa hivi." Mwanamume akauliza, "Mtoto uliyemuiba yuko wapi?" Mama mdogo akasema, "Mtoto gani, baba?" Kisha kikasikika chuma kikigonga kitu, na simu ikaanguka. Haikukatika. Nilisikia kila kitu nikiwa nyuma ya pikipiki, nimeibana simu sikioni, namtukana dereva aongeze mwendo, na dereva wa watu anaendesha kwa uwezo wake wote.

Mama mdogo alikuwa akimwita dada. Alimwita kwa jina la utotoni, lile ambalo mtu wa nje halijui.

Nilipofika, geti la buluu lilikuwa wazi na watu wamejaa mpaka barabarani. Wengine walikuwa juu ya ukuta, simu mikononi. Nilipenya kwa mabega na meno. Nilimuuma mtu, sijui nani, nilihisi ngozi yake ikipasuka. Uani viti vilikuwa vimetawanyika, vile viti vyake vya chuma vya kukunja. Vingine bado vilisimama kwa mistari kama alivyovipanga, na kwenye kimoja kulikuwa na sinia la glasi za maji. Alikuwa amewapangia viti, na viti hivyohivyo ndivyo walivyompigia.

Alikuwa amelala ubavu, karibu na bomba. Kanga imemvuka, kichwa kimefunguka juu ya sikio. Kijana mwenye shati la mistari alikuwa amesimama juu yake na kiti kimekunjwa, anakiinua kama mtu anayepasua kuni, anakishusha. Kila akishusha, watu walio nyuma wanaguna pamoja. Kando yake mwanamume mmoja mnene alikuwa anamimina petroli kutoka kwenye chupa ya maji, taratibu, asije akajimwagia viatu.

Niliokota kiti. Nilimpiga yule wa shati la mistari usoni. Nilihisi taya lake likihama, na nasema kweli tupu, nilifurahi. Akaanguka juu ya viti, nikampiga tena akiwa chini, kwenye mkono, kwenye mbavu, nikampiga mpaka mtu akanishika kwa nyuma. Nikageuka na kumpiga huyo. Yule mnene aliniwahi na tofali, likanipata mkononi, nikasikia mfupa. Wakaniangusha. Nilikula mateke ya kutosha. Nilitambaa mpaka nilipomfikia mama mdogo, nikalala juu yake, petroli inaniingia machoni, nikasubiri kiberiti.

Kiberiti hakikuja, kwa sababu ilisikika sauti ya mtoto ikisema, "Bibi."

Jirani mmoja alikuwa amekimbia kumwita dada sokoni. Dada alikuja mbio, binti yake mgongoni, na mtoto akawa wa kwanza kuona. Alishuka, akapita katikati ya watu wazima wale wote, akaja akachuchumaa kando yetu. Mkononi bado alikuwa na kipande cha pamba walichombandika kliniki. Akasema tena, "Bibi, amka."

Kelele zikashuka. Mtu mmoja juu ya ukuta akasema, "Kumbe ni mjukuu wake."

Kumbe. Neno hilo nitalichukia mpaka nife. Walianza kuondoka mmojammoja, wanapapasa mifuko, wanaangalia chini, kama watu waliokosea ukumbi wa harusi. Yule mnene aliifunga chupa yake kwa kizibo, akaondoka nayo. Wa shati la mistari walimbeba wenzake. Hakuna aliyesema samahani. Mmoja alipopita alisimamisha kiti kilichoanguka.

Polisi walifika baadaye, uani pamebaki viti tu. Mama mdogo tulimpakia nyuma ya gari la mwenye duka la vifaa vya ujenzi, juu ya magunia ya saruji. Kichwa chake alikishika dada, miguu niliishika mimi kwa mkono mmoja. Alikuwa anapumua kwa mlio. Tulipofika kwenye mataa ya barabara kubwa mlio ukakoma, na dada akaendelea kumwambia, "Tumefika, mama, tumefika," mpaka tulipofika kweli.

Hospitalini walinifunga plasta, wakanishona mdomo. Nilikaa kwenye benchi la korido. Dada alikuwa ndani anajibu maswali ya watu wa chumba cha maiti, na mtoto alikuwa amelala na kichwa chake pajani kwangu. Simu ikaita. Alikuwa Baba Pacha.

"Nimesikia," akasema. "Pole. Sina neno."

"Uko wapi?"

"Mezani kwangu. Simu yangu ulinitolea mwenyewe ulipovunja makabati." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Sitaki kukuuliza hiki ninachokuuliza. Kuna mtu aliyekuwa juu ya ukuta ameweka video. Yote, mwanzo mpaka mwisho. Imeangukia kwenye foleni yangu, iko mbele yangu sasa."



"Nyuso zinaonekana," akaendelea. "Wa shati la mistari, yule mwenye chupa, wote. Sera inasema nifute, kuna damu na kuna mtu anakufa. Nikibonyeza, imekwenda. Polisi wakiiomba, kampuni itawajibu kwamba haitoi sura za watu bila ridhaa yao. Nawajua, nimeyaona hayo kabla."

"Ridhaa ya wauaji."

"Faragha yao, ndivyo wanavyoita. Lakini nikiiacha, itatembea. Mashine itaisukuma, unajua inavyopenda watu wakikusanyika. Ataonekana na nchi nzima, na vile alivyokaa pale chini, na kanga vile. Dada yako ataiona. Mtoto ataiona, leo au akikua." Sauti yake ikakatika. "Asilimia alikuwa amesimama nyuma yangu. Ameniambia nikuulize wewe, kisha ameenda kukaa chooni ili asione. Nifanyeje?"

Huyu ni mtu ambaye miaka yote alinibishia kwamba kitu kisifutwe. Angekuwa na raha ya kuiacha, angeiacha bila kunipigia. Na mimi niliyekuwa nikifuta mpaka paka, nilimtazama yule mtoto pajani kwangu, kinywa wazi, pua inakoroma kidogo, na nilitaka kusema futa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilitaka mama mdogo afunikwe. Mtu akifa anafunikwa, hicho ndicho kitu cha kwanza unachomfanyia.

Nikamkumbuka yule mnene akifunga chupa yake kwa kizibo.

"Iache," nikasema.

"Una hakika?"

"Baba Pacha, iache kabla sijabadilisha mawazo."

Akabonyeza. Nilisikia.

Wa shati la mistari alikamatwa kesho yake. Mama yake mzazi ndiye aliyemtambua kwenye video, akampeleka polisi mwenyewe, taya limefungwa bandeji. Mwenye chupa alikamatwa akiwa kazini, kwenye kituo cha mafuta. Wengine waliokotwa mmojammoja. Na mimi nilishtakiwa kwa kile kiti, na sikatai, naonekana wazi nikikishusha. Baba Pacha alifukuzwa kwa kuvunja sera, mimi kwa kuvunja makabati. Wenye mtandao walitoa tamko kwamba wanasikitika, na kwamba usalama wa watumiaji wao ndio moyo wa kazi yao. Nililisoma nikalitemea mate, kweli kabisa, kwenye simu yangu mwenyewe, nikaifuta kwa nguo.

Tulikuwa bado tuko msibani, nyumbani kwa mama mdogo. Watu walikuwa wengi na waombolezaji walikaa chini, kwa sababu hakuna aliyetaka kugusa viti. Nilikuwa jikoni naosha vikombe kwa mkono mmoja. Dada akaingia, akafunga mlango, akaweka simu yake mezani, karibu na sukari. Ilikuwa inacheza. Sikuhitaji kuitazama.

"Mtoto wa jirani ndiye aliyemwonyesha binti yangu," akasema. Hakuwa anapiga kelele. "Anasema bibi yuko kwenye simu."

Nikafunga bomba.

"Baba Pacha kaja kutoa pole," akaendelea. "Nimemuuliza, wewe si ulikuwa unafanya kazi hukohuko, kwa nini hii haikufutwa? Akaanza kulia. Sijamwelewa. Nani alikuwa na uwezo wa kuifuta?"

Ningeweza kusema mashine. Ningeweza kusema kampuni, ng'ambo, wakubwa, sera, na hakuna ambalo lingekuwa uongo mtupu.

"Mimi," nikasema. "Aliniuliza, nikamwambia aiache. Bila hiyo wasingekamatwa, dada."

 Simu iliendelea kucheza, na ilipofika pale mama mdogo anapoita, wote wawili tulisikia.

"Ananiita mimi," dada akasema. "Lile jina tulikuwa tunalijua watatu tu, mama, wewe na mimi. Sasa hivi nimepita sokoni kununua mkaa, mtu asiyenijua ananiita kwa jina hilo, anacheka."

Nilisema nitamtafuta mtu huyo nimvunje mguu. Ndilo jambo pekee nililoweza kufikiria, na nilikuwa tayari kulifanya saa ileile. Dada alitikisa kichwa. Alikwenda chumbani, akamwamsha mtoto, akamvalisha viatu. Nikamfuata uani, nikamwambia kaa mpaka tumalize msiba, nikamwambia nitukane, nipige. Alipita katikati ya watu, mtoto mgongoni, akatoka getini. Nilimwita mpaka barabarani, mbele ya waombolezaji wote, na hakugeuka.